Mchicha wa Msimbazi: Jani zuri si ushahidi wa udongo safi

MCHICHA bora hutambuliwa kwa macho. Mama anayenunua mboga Buguruni au Ilala hutazama upana wa jani, ukijani wake na ulaini wa shina. Akiridhika hulipa na kwenda zake. Ni nadra kuuliza mboga ile ilioteshwa katika udongo gani. Hata angeuliza, muuzaji mara nyingi asingekuwa na jibu, kwa kuwa fungu lile limepita mikono miwili au mitatu kabla ya kufika kwenye genge lake.

Kipimo hicho cha macho kimewatosha walaji vizazi na vizazi. Mmea wenye njaa hupauka, wenye ugonjwa huota madoa, uliokosa maji hulegea. Yapo hata hivyo mambo ambayo mmea hauyaonyeshi, na zito kuliko yote ni sumu ya metali nzito: risasi, kadimiamu, zebaki na nyinginezo zinazotoka viwandani, kwenye magari, katika madampo na wakati mwingine katika pembejeo zenyewe za kilimo. Kwa wengi, namna mazao yanavyokabiliana na sumu hiyo ni somo la maabara. Kwa jiji kama Dar es Salaam, ambalo sehemu kubwa ya mboga zake za majani hulimwa ndani yake na pembezoni mwake, suala hilo linagusa afya, riziki na utawala kwa pamoja.

Mto Msimbazi ndio hutajwa kwanza kila mjadala huo unapoibuka. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Njiani hupokea vijito vinavyokatiza maeneo ya viwanda na makazi yenye msongamano, ukiwamo ule wa Sinza. Kando ya maji hayo wakulima wadogo wamekuwa wakilima matuta ya mchicha, matembele, spinachi na chainizi, na kuyamwagilia kwa ndoo zilizochotwa mtoni humohumo.

Bonde hilo lina historia ndefu ya taka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, katika shauri lililobeba jina la Joseph Kessy, walilishinda Jiji mbele ya Mahakama Kuu kuhusu dampo lililokuwa likiwafukizia moshi. Utekelezaji wa hukumu ulichukua miaka, na katika miaka ya 1990 taka za jiji zikaja kumwagwa Vingunguti, kwenye mteremko unaoelekea mto uleule. Kwa maneno mengine, taka zilihama makazi ya watu hao, bonde hazikulihama.

Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na wakatahadharisha kwamba ulaji wa mboga hizo unaweza kuchangia kwa kiasi kikubwa metali zinazoingia mwilini mwa mlaji. Mmoja wao, Profesa Egid Mubofu, baadaye alikuja kuliongoza Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tafiti nyingine zimefuata tangu wakati huo. Tahadhari hiyo sasa ina zaidi ya robo karne, na mchicha wa bondeni bado unauzwa kwa kipimo kilekile cha macho.

Ili kuelewa kwa nini macho hayatoshi, ni lazima kuanzia kwenye mzizi.

Mmea hauli udongo, huchagua. Katika ngozi ya mzizi mna milango midogo iliyoundwa kwa protini, kila mmoja ukipitisha madini ambayo mmea unayahitaji: chuma, zinki, manganizi, kalsiamu. Kasoro ya milango hiyo ni kwamba haina macho makali. Kadimiamu, ambayo haina kazi yoyote inayojulikana katika mimea ya mazao, inafanana mno na zinki kwa tabia zake za kikemia, na huingia kwa kupitia milango ya zinki, ya chuma na ya manganizi kama mgeni aliyevaa sare ya mwenyeji. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba mmea ukipungukiwa chuma huongeza idadi ya milango ya chuma ili upate zaidi, na kwa kufanya hivyo huipanulia njia kadimiamu. Udongo uliochoka, kwa hiyo, unaweza kuupa mmea sumu nyingi kuliko udongo wenye rutuba ulio na kiasi kilekile cha sumu.

Ikishaingia, metali hiyo hujishikiza kwenye sehemu zenye salfa ndani ya vimeng'enya na kuvizuia kufanya kazi. Huziondoa metali halali katika nafasi zake. Huchochea pia kuzalishwa kwa aina kali za oksijeni zinazounguza kuta za seli na hata vinasaba. Dozi ikiwa kubwa, dalili hujitokeza: ncha za mizizi hudumaa na kuwa na rangi ya kahawia, majani machanga hugeuka manjano, matundu ya kupumulia ya jani hujifunga na usanisinuru hushuka. Mkulima akiona hayo hudhani mboga yake imekosa mbolea au imeshambuliwa na ugonjwa, naye huongeza samadi au dawa.

Lakini dozi kubwa kiasi hicho si hali ya kawaida katika mashamba mengi. Linalotokea mara nyingi zaidi ni dozi ya wastani, na hapo ndipo mmea unapoonyesha ustadi wake. Ulinzi wa kwanza ni ukuta wa seli za mzizi, ambao hunasa sehemu ya metali kabla haijapenya. Ulinzi wa pili uligunduliwa na watafiti wa Kijerumani, Grill, Winnacker na Zenk, ambao mwaka 1985 walieleza kuhusu vijiprotini vifupi vyenye salfa nyingi walivyoviita fitokelatini. Mmea ukihisi kadimiamu huanza kutengeneza vijiprotini hivyo mara moja. Huikumbatia metali ile, huifunga, kisha huisukuma ndani ya kifuko kikubwa kilicho katikati ya seli, mahali ambapo haiwezi kugusa mitambo muhimu ya uhai.

Kwa upande wa mmea, kesi imekwisha. Sumu iko kifungoni, jani linaendelea kupanuka na rangi inabaki ya kijani. Lakini kifuko kile hakina mlango wa kutokea nje. Sumu haijaondolewa, imehifadhiwa, mithili ya mtu anayefagia nyumba yake akazisukumia taka uvunguni mwa kitanda. Anayezikuta ni yule anayekuja kulala, ambaye kwa mboga za majani ni mlaji. Mmea uliojilinda vizuri zaidi ndio unaoweza kufika sokoni ukiwa na mzigo mkubwa zaidi bila kuonyesha dalili yoyote, ilhali ule ulioshindwa kujilinda hunyauka tutani na haumdhuru mtu.

Hata hivyo, metali zote hazina tabia moja, na kuzichanganya katika kapu moja la “sumu” kumepotosha mijadala mingi. Rufus Chaney, mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi juu ya udongo uliochafuliwa, alizigawa kwa kuangalia kile alichokiita kizuizi kati ya udongo na mmea.

Shaba na zinki ni mfano mzuri wa kizuizi kinachofanya kazi. Zikizidi udongoni, huuangusha mmea kabla hazijafikia kiwango cha kumdhuru mlaji. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanayo sababu ya kulijua jambo hili. Kwa miongo mingi wamepulizia dawa zenye shaba kupambana na chulebuni na kutu ya majani. Shaba hiyo haiozi wala haiyeyuki na kwenda zake; hubaki katika tabaka la juu la udongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kulimbikika kwake katika mashamba ya kahawa ya mkoa huo. Hatari yake kubwa huko ni kwa mazao yenyewe: mche mchanga au haragwe linalopandwa baadaye kwenye udongo uleule mizizi yake hudumaa, na jani hupauka kwa kukosa chuma kilichozibiwa njia na shaba. Aina za kahawa zenye ukinzani zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungu, husifiwa kwa kumpunguzia mkulima gharama za dawa. Faida yake kwa udongo husemwa kwa nadra.

Risasi nayo ina kizuizi cha aina nyingine. Hung'ang'ania udongo, hasa wenye mboji na fosfeti, na ile inayoingia mmeani kwa sehemu kubwa hubaki mizizini. Ndiyo maana tunda la mnyanya uliomea kwenye udongo wenye risasi huwa na kiasi kidogo sana cha metali hiyo. Jani lina hadithi tofauti, kwa kuwa risasi yake nyingi hutua kutoka juu pamoja na vumbi. Utafiti uliofanywa jijini Kampala na kuchapishwa mwaka 2006 uligundua kwamba risasi katika mboga ilipungua kadiri bustani ilivyokuwa mbali na barabara, na watafiti wakashauri mboga za majani zisilimwe ndani ya mita 30 kutoka barabarani. Nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini iliyokwisha kutua kando ya barabara za miji yetu bado ipo, na hurudi juu ya majani kila vumbi linapotimka na kila tone la mvua linaporusha tope. Kwa hiyo kuosha mboga vizuri kunasaidia kwa risasi. Hakusaidii kwa kile kilichofungiwa ndani ya seli, na kuchemsha, ambako huua vijidudu vya maji machafu, hakuigusi metali hata kidogo.

Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu inahitaji makala yake yenyewe, maana jani huweza kuivuta kutoka hewani ikiwa mvuke.

Inabaki kadimiamu, na hiyo ndiyo iliyomsumbua Chaney. Hupita kizuizi. Mmea huivumilia katika viwango ambavyo binadamu, akivila kwa miaka mingi, havivumilii. Hupanda na maji hadi kwenye majani kwa urahisi kuliko risasi, na mboga za majani, mchicha ukiwamo, ni miongoni mwa mazao yanayoilimbikiza zaidi. Viwango vya kimataifa vya Codex vyenyewe vinaisimulia tofauti hiyo: mboga za majani zinaruhusiwa kuwa na hadi miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kilo, wakati mboga za matunda zimewekewa 0.05. Wataalamu hawakuwa na upendeleo kwa majani. Walizingatia namna mimea yenyewe inavyobeba.

Nini hutokea jamii ikila kadimiamu kwa miongo kadhaa? Jibu la kusikitisha linatoka Japani, katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama. Huko mgodi ulimwaga mabaki yake mtoni, maji ya mto yakanywesha mashamba ya mpunga, na mpunga ukastawi kiasi cha kuvunwa na kuliwa mwaka hadi mwaka. Walioanguka walikuwa hasa wanawake wa makamo na wazee waliokuwa wamezaa watoto wengi. Figo zao ziliharibika, mifupa ikalainika na kuvunjika hata kwa kukohoa. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani “inauma, inauma”, na mwaka 1968 Serikali ya Japani ikatamka rasmi kwamba chanzo chake ni kadimiamu. Kazi ya kuondoa na kufunika udongo ule ilianza mwaka 1979 na kukamilika mwaka 2012. Taifa tajiri, lenye wataalamu na fedha, lilihitaji miaka 33 kulisafisha bonde moja.

Hakuna ushahidi kwamba Msimbazi umefikia hali ya Jinzu, na kuyafananisha mabonde hayo mawili moja kwa moja kutakuwa ni kuwatisha watu bure. Uchafuzi wa metali hauenei sawasawa. Tuta moja laweza kuwa safi na la jirani lake, lililo chini ya mfereji wa kiwanda au juu ya taka za zamani, likawa na mzigo mkubwa. Mafuriko kama yale ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, huhamisha tope kutoka sehemu moja na kulitandaza kwingine, kiasi kwamba hata ramani iliyochorwa kwa uangalifu huzeeka baada ya masika machache. Lakini Jinzu inatoa funzo moja linaloihusu Dar es Salaam bila kutia chumvi, nalo ni kwamba walioumia zaidi walikuwa wanawake waliozaa mara nyingi.

Wataalamu wa afya wanaeleza sababu mojawapo. Utumbo wa binadamu, kama mzizi wa mmea, una mlango wa chuma. Mtu mwenye upungufu wa chuma mwilini hupanua mlango huo ili apate zaidi, na kadimiamu hupenya nayo kwa wingi kuliko kwa mtu mwenye damu ya kutosha. Risasi pia hufyonzwa zaidi katika hali hiyo. Tanzania ni nchi ambayo upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo la miaka mingi, na ushauri ambao mama hupewa kliniki, tena ushauri sahihi, ni kula mboga za majani kwa wingi. Mama huyo ambaye utumbo wake umefunguka kuliko wa wengine ndiye anayeambiwa ale mchicha kuliko wengine. Kama mchicha wenyewe umetoka kwenye udongo uliochoka, ambako mzizi nao ulikuwa umefungua milango yake, basi upungufu wa chuma umeifungulia kadimiamu njia mara mbili, kwanza tutani na kisha tumboni. Ikishafika kwenye figo, hukaa humo kwa miaka 10 hadi 30.

Haifuati kwamba mama aache mboga. Madhara ya kukosa chuma na vitamini ni ya hakika na ya leo, wakati madhara ya kadimiamu hutegemea kiasi na muda. Kinachofuata ni kwamba mboga anayoshauriwa kula istahili ushauri huo, na hilo si jambo lililo juu ya uwezo wa nchi.

Kwa upande wa shamba, mbinu zinajulikana. Kadimiamu hupatikana kwa urahisi na mizizi pale udongo unapokuwa mchachu. Kuongeza chokaa kwa kipimo huipunguzia uwezo wa kuingia. Mboji na samadi iliyooza vizuri huishika. Kuhakikisha mmea haukosi zinki na chuma hufunga sehemu ya milango. Hata mbolea inahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa baadhi ya miamba ya fosfeti duniani ina kadimiamu kwa asili yake. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2022, umeweka ukomo wa miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo katika mbolea za aina hiyo. Mbolea inayokataliwa soko moja hutafuta jingine, na nchi zinazoagiza zina kila sababu ya kuuliza maswali bandarini.

Zipo pia habari za mimea inayosafisha udongo, ambazo hupendwa sana na waandishi wa sayansi. Katika Katanga, nchini Kongo, kuna mmea mdogo wenye maua, Haumaniastrum katangense, unaomea pale penye shaba nyingi ambapo mimea mingine hushindwa. Wachimbaji na hata wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali shaba ilipo au ilipoyeyushwa zamani. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba aina moja ya kangaga huvuta aseniki kutoka ardhini kwa kiwango cha kushangaza. Ni maarifa ya kweli, ila kumwambia mkulima wa Kigogo apande kangaga kwa miaka kadhaa, avune na kuyateketeza mahali salama huku hauzi kitu, ni sawa na kumwambia ahame.

Njia iliyofika mbali zaidi ni ya kuubadili mmea wenyewe. Mwaka 2012 wanasayansi wa Kijapani walieleza jinsi walivyopata aina ya mpunga wa Koshihikari ambao mlango mmoja wa manganizi mzizini mwake umeharibika, na punje zake karibu hazina kadimiamu kabisa. Waliupata kwa kuipiga mbegu mionzi na kuchambua vizalia, bila kupandikiza kinasaba cha kiumbe kingine. Hadi hapo mkulima wa Japani alikuwa akitegemea kulifurika shamba maji ili kuizuia kadimiamu, njia ambayo kwa bahati mbaya huifungulia aseniki. Kazi ya namna hiyo kwa mchicha bado iko mbali. Lakini hata bila aina mpya, kubadili zao kunatosha kuleta tofauti kubwa. Bamia na nyanya, ambazo tunda lake hulishwa zaidi na mishipa inayoshusha sukari kuliko ile inayopandisha maji, hubeba metali kidogo kuliko jani lililooteshwa kwenye tuta lilelile.

Kinachokwamisha si elimu peke yake. Ni kwamba hakuna anayepima. Mwaka 2022 Wizara ya Kilimo iliwagawia maofisa ugani pikipiki na vifaa vya kupima afya ya udongo, hatua iliyopongezwa na wengi. Vifaa vya shambani vya namna hiyo hulenga rutuba na uchachu. Metali nzito zinahitaji mashine za maabara na kemikali za gharama. Uwezo huo upo nchini, katika vyuo vikuu na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila wajibu umegawanyika. Udongo wa kilimo una wizara yake, mazingira yana NEMC, maji ya mto yana Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, usalama wa chakula ulihamishiwa TBS mwaka 2019, na soko ni la halmashauri. Kila mmoja akitazama kipande chake, fungu la mchicha hupita katikati yao wote.

Sheria zilizopo zinamtazama mkulima zaidi kuliko udongo. Kanuni za Kilimo Mijini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, unaolenga kulidhibiti eneo la mafuriko na kuligeuza sehemu yake kuwa bustani ya jiji. Kwa upande wa mafuriko, haja yake haibishaniwi. Lakini mkulima anayeondolewa Jangwani hana ujuzi mwingine. Atatafuta bonde jingine lenye maji, pengine chini ya mfereji mwingine, na walaji wake watamfuata bila kujua.

Na hapa ndipo mambo ya mizizi na mambo ya utawala yanapokutana kwa namna ambayo haizungumzwi. Mchicha huvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kusiwa. Bamia huanza kuchumwa baada ya takriban miezi miwili, nyanya zaidi ya hapo. Mtu anayelima tuta la kukodi kwa maneno ya mdomo, kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa wiki yoyote, hawezi kungoja miezi mitatu, wala hawezi kununua mfuko wa chokaa ambao faida yake itaonekana msimu ujao. Atapanda kinachokomaa haraka kuliko tangazo la kubomolewa, na mazao yanayokomaa haraka hivyo ni yaleyale ya majani. Kila operesheni ya kuwafukuza wakulima wa bondeni bila kuwaonyesha pa kwenda huwafanya waliobaki na wanaorudi kupanda zaidi zao linalobeba kadimiamu nyingi. Halmashauri ikiamua kupima matuta, ikafunga yaliyochafuka sana na kuyapa mengine mikataba ya hata miaka miwili kwa sharti la kupanda mboga za matunda, itakuwa imepunguza sumu katika sahani za wakazi wake kabla mfereji wowote wa kiwanda haujazibwa.